Umeme wa LUKU unakwisha haraka na vifaa ni vilevile, nianzie wapi?

Mpangaji, Makorora:
Wadau wa Tanga, naombeni msaada. Uniti 30 zilikuwa zinafika siku 14, sasa ni siku 9. Mita hatuchangii na mtu. Tuna friji ndogo ya wati 100, feni mbili, taa tano, TV na pasi. Hatujaongeza chochote. Niangalie nini kabla ya kumwita fundi?

Fundi umeme, Ngamiani:
Pole. Piga hesabu kwanza (uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja): zamani uniti 2.1 kwa siku, sasa 3.3. Hiyo 1.2 iliyozidi ni sawa na wati 50 zinazokula usiku na mchana. Pasi ya wati 1,000 ingebidi ipigwe zaidi ya saa nzima kila siku, kwa hiyo iache. Tafuta kitu kisicholala.

Chomoa kila kitu, zima taa, acha meinswichi imewashwa. Tazama kitaa kidogo cha mita kwa dakika kumi. Kikiendelea kuwaka na kuzima, umeme unavuja kwenye waya. Huku kwetu anza na taa ya nje na soketi za ukuta wenye unyevu, chumvi ya bahari huingia humo. Kikiwaka na kuzima hata meinswichi ikiwa imezimwa, wapigie TANESCO. Mita usiifungue, tafadhali.

Fundi friji:
Mimi nashuku friji. Ya wati 100 ikipumzika nusu ya siku inakula uniti 1.2, isipopumzika kabisa ni 2.4. Tofauti ni ileile 1.2 yako.

Bana karatasi kwenye mlango wa friji, ivute. Ikitoka bila kukwama, mpira wa mlango umekakamaa: uoshe kwa sabuni, ukande kwa kitambaa cha maji moto urudi umbo. Isiposaidia, badilisha mpira. Sogeza friji sentimita 10 kutoka ukutani, piga brashi vumbi la nyuma. Barafu ikizidi nusu sentimita, zima iyeyuke yenyewe. Kisu hapana! Ukitoboa bomba gesi yote inatoka. Na kama inaunguruma bila kuzima huku barafu ikishika kona moja tu, gesi imepungua, hapo mwite fundi.

Mdau, Chumbageni:
Dada/kaka, linganisha uniti, siyo pesa. Manunuzi ya kwanza ya mwezi hukatwa kodi ya jengo, kwa hiyo shilingi 10,000 ileile huleta uniti pungufu. Usiponunua mwezi mzima, deni linakusubiri.

Mpangaji, Makorora:
Ahsanteni sana. Kitaa kimetulia, karatasi imetoka yenyewe. Naosha mpira leo.