Naomba ushauri: niwaelezeje wazazi ngazi tatu za msaada shuleni?

Habari zenu wanajamvi. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya 3 hapa Nyalenda, Kisumu. Shule yetu inaanza mfumo wa ngazi tatu, ule unaotumika sana Marekani. Wote wanafundishwa vizuri darasani, wanaobaki nyuma wanaongezewa mafunzo katika vikundi vidogo, na wachache ambao bado wanakwama wanasaidiwa mmoja mmoja. Tunampima mtoto mara kwa mara. Akishika, anarudi kwa wenzake.

Shida ni wazazi. Wakisikia kikundi, wanadhani mtoto amehamishiwa kitengo cha wenye ulemavu. Juzi mama mmoja anayeuza omena alinifuata hadi mlangoni: "Mwalimu, mtoto wangu ana kasoro gani? Na hizo tuisheni nitalipa ngapi?" Hilo la pesa simlaumu, wametozwa sana.

Barua siziamini, nyingi huishia kufungia mandazi. Nafikiria kuwaonyesha wazazi daftari la mtoto, ukurasa wa Januari na wa Machi, bila jina. Je, nianzie mkutano wa wazazi, au nimwombe chifu nafasi barazani nieleze kwa Dholuo? Na mzazi akikataa kabisa, mnafanyaje?