Naomba ushauri: nimemchorea fundi mbuzi ya nazi, kaniletea kitu kingine

KokotoLaTanga:
Habari za asubuhi wakuu. Mama yangu kiuno kinamsumbua, na kukalia mbuzi pale chini kila siku kukuna nazi kumekuwa adhabu. Nikawaza mbuzi isiyo na kigoda: ulimi ule ule wa chuma wenye meno, ila unabanwa ukingoni mwa meza kwa skrubu, kama mashine ya mkono ya kusagia nyama. Mama akae kwenye kiti.

Nikachora kwenye daftari, nikapeleka kwa fundi wa kuchomelea. Mkono wa chuma niliuchora kwa ubavuni, nikaandika 12. Ule ulimi nikauchora na mviringo wake na meno yote ili auone vizuri. Siku ya nne napigiwa simu nikachukue kazi. Wakuu, mkono una urefu wa futi nzima! Mimi nilimaanisha sentimita, yeye kapima inchi. Na ulimi kausimamisha kama kisu, badala ya kuulaza. Shilingi 35,000 zimekwenda.

Jamaa mmoja ananiambia nikajifunze kuchora kwa kompyuta. Halafu kuna mwenye duka la vyombo anasema anaweza kunipa hela ya kutengeneza 20, ila aone kwanza. Nianzie wapi?

ChumaMoto:
Pole mkuu, lakini hapo fundi hana kosa. Umechora mkono kama mtu aliyesimama ubavuni, ulimi ukauchora kama mtu anayetazama kutoka juu, vyote kwenye picha moja. Kilichoonekana kimesimama, kakisimamisha. Kwa ubavuni ulimi uliolala ni mstari mwembamba tu, meno huyaoni.

Chora mara tatu: mbele, ubavuni, juu. Karatasi ya drafti na rula vinatosha. Kila namba iandikie mm pembeni yake, na unene wa chuma uuandike pia, la sivyo utapewa kilichobaki karakana siku hiyo. Meza ya mama umeipima unene?

KokotoLaTanga:
Meza sijapima 🙈

SeremalaMstaafu:
Mwanangu, kompyuta iache kwanza. Tafuta boksi gumu la televisheni, kata vipande kwa saizi halisi, gundisha tabaka tatu nne mpaka pawe na unene. Bandika mezani, mwite mama akae, mpe kifuu mkononi ajifanye anakuna. Wewe nyamaza umtazame. Jeff Hawkins, Mmarekani aliyebuni Pilot, kompyuta ndogo ya mfukoni iliyokuja kuitwa PalmPilot, kabla haijaingia sokoni 1996 alichonga kipande cha mbao akawa anatembea nacho mfukoni, anakitoa na kuandika hewani kwa kijiti, ili ajue kama kweli kinabebeka. Wewe unaogopa boksi?

BintiPangani:
Mzee wangu shikamoo, lakini boksi litamdanganya. Aliyewahi kukuna nazi anajua unasukuma kwa nguvu ya bega huku unakandamiza chini, na kifuu unakizungusha. Hapo ndipo kibanio kinapoteleza, na boksi haliwezi kukuambia hivyo. Likishakupa umbo, tengeneza ya mbao ngumu, fungia ulimi wa mbuzi ya zamani, kamata mezani kwa klampu, kisha ukune nazi tano mfululizo. Ikicheza kwenye nazi ya pili, bora ujue hapo kuliko kwa huyo fundi.

SeremalaMstaafu:
Marahaba. Sikatai, la mbao lije baada ya boksi.

Mpakarangi:
Nyongeza ndogo. Hiyo ya majaribio usiipake rangi. Ukimpelekea mama kitu kinang'aa atasema "mashaallah mwanangu", kisha ataumia kimyakimya. Kikiwa kibaya kibaya atakusema bila huruma, na hicho ndicho unachotaka. Mwenye duka ni habari nyingine: huyo peleka iliyokamilika, na nazi yako mfukoni, ukune mbele yake. Ila kabla ya kumwonyesha mtu yeyote wa biashara, pita BRELA, wale wa usajili wa biashara na hataza, uulize kuhusu kulinda wazo lako. Na ofisi za SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, zipo mikoani, ingia na mchoro wako.

KokotoLaTanga:
Nimerudi wakuu. Jana jioni nimekata boksi, nimelibandika mezani kwa gundi ya karatasi. Mama kakaa, kashika kifuu, kasukuma mara mbili, akasimama. "Sasa bakuli nitaliweka wapi?"

Nimeduwaa. Kwenye mbuzi ya chini bakuli linakaa sakafuni chini ya ulimi, nazi inadondokea humo. Mimi nimeutoa ulimi nje ya meza, kwa hiyo nazi yote ingemwagikia mapajani mwake. Katika michoro yangu yote bakuli halimo, wala mama mwenyewe hayumo. Nimeugeuza mkono uelekee ndani ya meza, sasa inabidi upande juu kwanza ndipo ulale, bakuli lipite chini yake.

ChumaMoto:
Na hilo bakuli lina kimo gani? Andika kwa mm.