Hilux ya 94 isiyo na fowili, naweza kuinyanyua inchi 4?

Mzee wa Viazi
Wakuu habari za jioni. Nina Hilux ya 94, modeli LN85, injini ya dizeli aina ya 2L, haina fowili, inasukumwa na tairi za nyuma tu. Naibebea viazi kutoka shamba mpaka barabara kubwa huku Kilolo, sasa mvua zikianza inakuwa vita, tumbo linakwangua tuta la katikati njia nzima, wiki iliyopita niliacha kipande cha ekzosi njiani nimekuja kukiokota kesho yake fuso imeshakikanyaga kimekuwa chapati. Fundi mmoja anasema ananinyanyulia inchi 4, nyuma anaweka vyuma kati ya springi na ekseli, mbele "anakaza bolti tu". Hapo kwenye "tu" ndo nimeogopa. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Kichwa Maji
Uza nunua ya fowili mkuu, mambo yaishe

Mzee wa Viazi
Hela ya fowili ningekuwa nayo ningekuja kuuliza hapa?

Spana 17
Kwenye bolti hajakudanganya, kakudanganya kwenye inchi 4. Hiyo gari mbele haina koili, ina toshenba, yale manondo mawili marefu yanayokwenda nyuma chini ya chesisi, mwisho wake kuna bolti ya kurekebisha, ukiikaza pua inapanda. Ila ukipita kama inchi moja na nusu hivi mikono inayoshika tairi inafika mwisho wake wa kushuka, yaani tairi ikikuta shimo haina pa kushukia, gari inadunda kama mkokoteni wa punda na boljointi, yale maungio ya mikono na tairi, zinakaa zimepinda muda wote hazichelewi kufa. Piga jeki kwanza tairi zining'inie ndo ukaze, hesabu mizunguko, halafu ishushe isukume mbele na nyuma kidogo ikae, upime toka katikati ya tairi mpaka ukingo wa madigadi kulia na kushoto. Ukimaliza wili alaimenti, yaani kunyoosha tairi, ni lazima, la sivyo tairi zitalika upande mmoja kama ndala ya mtu anayechechemea. Na taa uzirudishe chini, wenzio wanaokuja mbele nao wana macho.

Waru Express
Salamu kutoka Nyandarua, mimi pia ni wa kubeba waru, yaani viazi, na pikapu ya tuwili, haina fowili kama yako. Boss kuna kitu hujaambiwa, ukiinua springi difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, haipandi hata kidogo, inabaki palepale kwa ekseli, na kwa hizi njia za tuta katikati difu ndio inalima. Difu inapanda na tairi peke yake. Kama umevaa tairi za saizi 185R14 weka 205R14, unapata kama sentimita moja na nusu hivi, spidomita itasoma chini kiasi lakini kwa matope nani anaangalia spidi. Halafu uangalie springi zako kwanza, gari ya mzigo ya miaka 30 hiyo hazijalala kweli? Zangu zilikuwa zimenyooka kama rula, nikaongeza jani moja na shokapu mpya, ikarudi juu bila chuma chochote. Ikiwa tupu inaruka kiasi, ukipakia inatulia.

Spana 17
Naunga mkono hoja. Na ukiamua springi zilizolala zikunjwe upya, mwambie fundi azipige nyundo za baridi, akizichoma moto bila kujua kuzirudishia ugumu zitalala tena kabla hujamaliza msimu. Kama bado unataka vyuma basi kiwe kimoja kila upande, usikubali kubebanisha viwili, na yubolti, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi na ekseli, ziwe mpya ndefu, uzikaze tena baada ya safari mbili tatu. Ila kuna hili, Hilux nyingi nyuma zina valvu ya breki yenye kifimbo kimeshikwa kwenye ekseli, mzigo ukishusha bodi kifimbo kinasogea breki za nyuma zinaongezewa nguvu. Ukinyanyua bodi valvu inadhani gari ni tupu siku zote, breki za nyuma zinapungua, na wewe unashuka mlima na tani ya viazi. Kishikio chake inabidi kisogezwe kwa kiasi hichohicho ulichonyanyua. Na mpira wa breki wa nyuma uangalie usivutike. Muulize fundi wako kuhusu hicho kifimbo, akikukodolea macho ondoka.

Kichwa Maji
Mimi nilisema uze

Mzee wa Viazi
Wakuu asanteni sana. Leo nimelala chini ya gari saa nzima na tochi. Springi za nyuma zimelala kabisa, kushoto kuna jani limekatika sijui tangu lini. Mbele kulia iko chini kuliko kushoto kwa sentimita mbili. Na kile kifimbo cha breki nimekikuta, kimefungwa juu kwa waya wa kufungia fensi. Nilipoinunua ilikuwa hivyohivyo. Jumatatu naanza na hilo, inchi 4 zisubiri.

Waru Express
Haiya, na umekuwa ukishuka nayo hivyo?

Mzee wa Viazi
Miaka mitatu mkuu. Mke wangu nimemwambia ni ekzosi tu.