Intaneti ya faiba inasuasua kila jioni: tatizo liko kwenye laini au ndani ya nyumba?

Mkaazi wa Ghorofani

Asalaam aleikum ndugu zangu. Ninaishi Mji Mkongwe, Unguja, katika nyumba ya zamani ya mawe yenye kuta za unene wa takriban nusu mita, na kwa miezi mitatu sasa ninatumia intaneti ya faiba ya megabiti 50 kwa sekunde. Fundi aliifunga ruta sebuleni chini, nyuma ya televisheni, kwa kuwa hapo ndipo waya ulipoingilia. Asubuhi hali huwa nzuri, lakini ikishapita saa moja ya usiku, nikiwa chumbani juu, video huganda na sauti ya mikutano ya kazini hukatika katika kila sentensi. Nimeipigia simu kampuni inayonihudumia mara nne na kila mara nimeambiwa niizime ruta na kuiwasha tena. Nikifanya hivyo hali hutengemaa kwa saa moja hivi, kisha hurudi ilivyokuwa. Jirani amenishauri nihamie kifurushi cha megabiti 100. Je, kitanisaidia, au nitakuwa nimetupa fedha?

Fundi Mstaafu

Waaleikum salaam. Usinunue chochote kwanza. Safari ya data yako ina vipande viwili, kimoja kikiwa cha hewani kati ya simu yako na ruta, na cha pili kikiwa cha faiba kati ya ruta na mtandao wa kampuni, na hadi sasa hujatueleza ni kipi kinachosumbua. Jioni ya leo, wakati tatizo limepamba moto, iunganishe kompyuta kwenye ruta kwa kebo, uzime Wi-Fi ya kompyuta, kisha utume ping 100 (ujumbe mfupi wa kupima kama jibu linarudi na kwa muda gani) kwenye anwani ya ruta yenyewe, ambayo mara nyingi huwa 192.168.1.1 na huandikwa kwenye kibandiko chini ya kifaa, na nyingine 100 kwenye 8.8.8.8, seva ya Google iliyo nje kwenye intaneti. Baadaye panda chumbani urudie yote mawili kwa Wi-Fi. Tazama pia taa iliyoandikwa LOS: ikiwaka nyekundu, mwanga wa faiba haufiki kwako na hapo huna la kufanya ila kumwita fundi wa kampuni. Ruta nyingi pia huonesha katika ukurasa wake nguvu ya mwanga inayopokelewa. Kwa vifaa vya GPON (aina ya faiba ya majumbani) vya daraja B+, kipimo kikishuka chini ya -27 dBm (kizio cha nguvu ya mwanga; -28 ni dhaifu kuliko -27), laini ina kasoro hata kama intaneti bado inapatikana.

Kijana wa Kompyuta

Badilisha DNS tu, weka 1.1.1.1. Kwangu ilimaliza tatizo.

Fundi Mstaafu

Kijana, huenda kwako tatizo lilikuwa hilo, lakini kazi ya DNS ni kutafsiri jina la tovuti kuwa anwani, na kazi hiyo hufanyika mwanzoni. Mkutano ambao tayari umeunganishwa haukatikikatiki kwa sababu ya DNS. Tusubiri vipimo.

Mkaazi wa Ghorofani

Nimefanya kama ulivyoelekeza, saa mbili na nusu usiku. Kwa kebo, ruta ilijibu chini ya milisekunde 1 na hakuna pakiti (kifurushi kidogo cha data) iliyopotea, wala kwenye 8.8.8.8, na kasi ilikuwa megabiti 48. Chumbani kwa Wi-Fi, ruta hiyohiyo, ambayo imo humu humu nyumbani, ilijibu kwa milisekunde 300 hadi 900, na pakiti 11 kati ya 100 zilipotea. Taa ya LOS haiwaki na mwanga ni -21 dBm.

Fundi Mstaafu

Basi kampuni yako haina kosa safari hii, ingawa mhudumu wao angeweza kukuuliza hayo siku ya kwanza. Ukinunua megabiti 100, zote zitaishia sebuleni.

Jioni majirani wote wako nyumbani na ruta zao zinagombania hewa ileile ya bendi ya GHz 2.4. Chaneli (njia za masafa) za bendi hiyo zimeachana kwa MHz 5 tu, ilhali kila ruta huhitaji MHz 20, kwa hiyo zisizoingiliana ni tatu: 1, 6 na 11. Ndiyo sababu kuwasha upya kulikupa nafuu, kwani ruta nyingi huchagua chaneli zinapowaka na kisha hubaki hapo hata jirani akija juu yake. Ingia kwenye mipangilio, upana wa chaneli uwe MHz 20 na si 40, kisha uchague mwenyewe ile iliyo na msongamano mdogo kati ya hizo tatu. Televisheni na vifaa vya sebuleni vihamishie GHz 5, yenye nafasi kubwa zaidi lakini isiyoweza kupenya ukuta wa mawe kama wako. Na uitoe ruta nyuma ya televisheni, kwa maana bamba la chuma lililomo ndani yake ni ukuta mwingine.

Mama wa Shangani

Nakubaliana na Fundi, ila nitaongeza jambo moja kwa nyumba zetu hizi. Usinunue kile kifaa cha kurudia mawimbi kinachochomekwa ukutani, kwa sababu hupokea na kurusha katika hewa ileile iliyojaa. Mimi nilipitisha kebo ya mtandao kwenye ngazi, nikafunga ruta ya pili juu kama kituo cha Wi-Fi, DHCP yake (kazi ya kugawia vifaa anwani) ikiwa imezimwa, jina na nywila zikiwa zilezile lakini chaneli tofauti. Ukuta usiutoboe bila kuuliza mamlaka ya uhifadhi. Tumia tundu la bomba la maji lililopo.

Mkaazi wa Ghorofani

Ahsanteni. Nimeweka chaneli 11 na kuihamisha ruta hadi mlango wa ngazi. Usiku huu ping ya chumbani ni milisekunde 6, na iliyopotea ni moja tu. Chumba cha nyuma bado hakipati kitu, kwa hiyo Jumamosi nitakwenda Darajani kutafuta kebo ya mita 20.