Naomba ushauri: njia ya miguu visiwa vya Stockholm, boti zinanichanganya

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi na mke wangu tunaishi Uswidi, na mwishoni mwa Agosti tunataka kutembea kipande cha Stockholm Archipelago Trail, ile njia ya kilomita 270 hivi, Arholma hadi Landsort, iliyofunguliwa 2024.

Miguu ipo, shida ni boti. Nimepekua ratiba za Waxholmsbolaget, kampuni ya boti za abiria za visiwani. Nyingi zinaelekea mjini badala ya kuunganisha kisiwa na kisiwa, na kiangazi kikiisha zinapungua. Hema tunalo. (Kupe ndio wananinyima usingizi.)

Waliowahi kupita: kwa siku nne, visiwa gani vinaungana bila kurudi mjini? Na maji ya kunywa mlijaza wapi?

Natanguliza shukrani.