Mashine ya dramu isokuonjesha sauti mpaka usevu, huu si wizi huu?

Assalam alaykum wakuu. Naandika na hasira zangu kwa hiyo mnistahamilie. Jina la mashine silitaji, sitaki kesi na mtu, ila ni hizi mpya za pedi 16 na kiskrini kidogo, mwenye nayo atajijua.

Mie natengeneza biti za kidumbak, muziki wetu wa harusini huku Zanzibar. Sauti za kiwandani sizitaki, nimekaa na wazee Ng'ambo nikarekodi vidumbak vyote viwili (zile ngoma ndogo zenyewe), mkwasa (vijiti vya kugonganisha), cherewa (manyanga) na sanduku (besi la boksi), pigo moja moja, la nguvu mbali la taratibu mbali, nikatia kwenye kadi. Sasa ingia kuediti uone balaa. Unazungusha kitufe kupita kwenye majina, kimyaaa. Skrini inaonesha herufi 8 tu na neno KIDUMBAK lenyewe ni herufi 8, kwa hiyo orodha nzima naisoma KIDUMBAK KIDUMBAK KIDUMBAK (najua, nibadilishe majina, lakini kwa nini nifanye kazi ya mashine?). Unachagua kwa kubahatisha, unasubiri ipakie, unabonyeza sawa, unarudi kurasa mbili nyuma, ndo ugonge pedi usikie. Siyo. Haya anza tena. Na umeme wetu ukikatika katikati ndo imekula kwako, hujasevu kitu.

Hata muuza udi Darajani anakutilia kidogo kwenye chetezo unuse kabla hujatoa pesa yako!

Kinachoniuma zaidi, biti ikiwa inatembea hata huko kuonja kwa kugonga pedi kunazimwa kabisa. Jamani, cherewa ukiisikiliza peke yake siku zote nzuri, shida unaijua ikikaa juu ya sanduku na fidla, hapo ndo unagundua inachakarika mno au imemezwa. Ukishusha tyuni au ukikata mkia wa sauti, mashine inakupigia faili mbichi vilevile kama ulivyorekodi, mabadiliko yako huyasikii mpaka usevu, na ukishasevu ile ya zamani ishafutika. Mtu alokaa akabuni hivi kashawahi kupiga ngoma kweli?

Mashine ya dramu TR-808 ya Roland imetoka 1980, MIDI yenyewe (lugha ya vyombo vya elektroniki kuunganishwa) haijazaliwa, imekuja 1983, na pale biti inatembea unageuza kitufe cha decay ya besi unasikia pigo linarefuka hapohapo. MPC60 ya Akai, mashine ya pedi ya 1988, unagonga pedi unasikia. Leo tunauziwa mashine ina kadi, ina skrini, kusikia ndo shida.

Ngojeni, haijesha. Kuna ukurasa mmoja tu inaonjesha, wa kubadili seti nzima, na huko sauti inatoka spika kubwa! Tundu la hedifoni lipo ila linatoa kilekile kinachokwenda kwa watu. Juzi harusini Mwanakwerekwe muimbaji ndo anavuta ubeti wa mwanzo, mie natafuta seti ya mkwasa, lo, sanduku likalia BWUUU ukumbi mzima, bibi harusi kageuka, muimbaji kanikata jicho mpaka leo hatujasemezana vizuri.

Nlipowaandikia walioniuzia wakanijibu subiri apdeti. Apdeti imekuja, imebadilisha rangi ya taa za pedi.

Anaejua njia ya kupeleka sauti ya kuonja hedifoni peke yake biti ikiwa inatembea aseme hapa. Na msinambie nisome kitabu, nshakisoma chote, kimeandika "chagua sauti, bonyeza sawa" basi.