Likizo pamoja na mbwa wawili: Naivasha, Nanyuki au Diani?

Mkaazi wa Ngong aliandika:

Wanajukwaa, salaam. Familia yangu inapanga kukodi nyumba ya mapumziko kwa wiki moja shule zitakapofungwa mwezi wa Agosti, na safari hii watoto wameshikilia kwamba mbwa wetu nao waende. Tunao wawili: jike wa German Shepherd aliyezeeka na mwenye maumivu ya nyonga, na dume wa kienyeji ambaye umri wake ni mwaka mmoja na ushei, mwepesi, anayekimbiza kila kinachosogea.

Nyumba ambazo wenyewe wameandika kuwa mbwa wanaruhusiwa tumezipata tatu, moja kando ya Ziwa Naivasha, nyingine nje kidogo ya mji wa Nanyuki, na ya tatu Diani, hatua chache kutoka ufuoni. Bei hazipishani sana. Wazo la nne ni kuwaacha mahali pa kutunzia mbwa hapa Nairobi, tukaenda peke yetu. Ninaomba mnaozijua sehemu hizi mnisaidie kuzilinganisha kwa upande wa mbwa. Kwa upande wa binadamu ninajua kwamba zote zinapendeza.

Dereva wa Masafa alijibu:

Ningeanza na barabara, kwa sababu mbwa mwenye nyonga mbovu huumia safarini kabla hajafika popote. Naivasha ni takriban kilomita 90 kutoka Nairobi, Nanyuki ni kama 200, na Diani inazidi 500. Mbwa wa umri huo anahitaji kuteremshwa kila baada ya saa mbili hivi ili anyooshe miguu na kukojoa, na katika njia ya Mombasa si kila mahali panafaa. Kati ya Mtito Andei na Voi barabara inapita katikati ya hifadhi mbili za Tsavo, kwa hiyo kumteremsha mbwa kichakani hapo ni kumkaribisha simba mezani. Simameni kwenye vituo vya mafuta, naye awe kwenye kamba.

Treni ya SGR msiifikirie, kwa kuwa haipokei wanyama. Mkifika Mombasa, piteni njia ya Dongo Kundu badala ya kivuko cha Likoni, ambako foleni ikikamata mtakaa juani na mbwa wanaohema. Na kokote mtakakosimama kula, asiachwe mbwa ndani ya gari lililofungwa: hewa ya nje ikiwa nyuzi 24 tu, ambazo kwetu ni hali ya hewa ya kawaida, ndani ya gari joto hupita nyuzi 40 kabla saa haijaisha.

Mama Kongoni alijibu:

Ndugu wa Ngong, mimi ninaishi upande wa kusini wa Ziwa Naivasha, na sitakuficha kwamba yule dume wako ananitia wasiwasi. Kiboko hutoka majini giza likiingia na kula nyasi hadi karibu na alfajiri, na nyasi anazozipenda ni zile fupi na laini ambazo wenye nyumba wamezimwagilia maji kwa ajili ya wageni wao. Kwa maneno mengine, bustani utakayolipia ndiyo malisho yake. Nyumba nyingi zimewekewa uzio wa umeme wa kumzuia, lakini mara nyingi uzio huo ni waya mmoja au miwili iliyofungwa usawa wa goti la mtu, kwa kuwa kiboko hawezi kuruka na mguu wake haupandi juu. Mbwa hupita chini ya waya huo bila hata kuinama. Akishapita, atabweka, atafukuzwa, kisha atafanya kile ambacho mbwa wote hufanya, yaani atarudi mbio kwa bwana wake huku kiboko yuko nyuma.

Ukiongeza pundamilia, kuro, na katika baadhi ya maeneo nyati, ambao huzunguka kwenye viwanja kama mbuzi wa jirani, utaona kwamba mbwa anayekimbiza kila kinachosogea atashinda amefungwa. Halafu kuna jambo ambalo wageni husahau: kila anayekuja Naivasha na watoto hutaka kwenda kuendesha baiskeli Hell's Gate, na Hell's Gate ni hifadhi ya taifa iliyo chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ambako mbwa hawaruhusiwi kuingia. Nani atabaki nao katika nyumba ngeni mchana kutwa?

Bint Likoni alijibu:

Nami nitasema la Diani, na nitaanza na lile ambalo matangazo hayalisemi. Mara nyingi mwenye nyumba yuko Nairobi au Ulaya, naye ndiye aliyeandika kwamba mbwa wanaruhusiwa. Anayekaa pale, anayefagia, anayepika na kulala chumba cha nyuma, hakuulizwa. Wengi wa watu hao ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa zaidi pwani, na kwa madhehebu hayo mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Kumpa mbwa maji kwa bakuli la jikoni, au kumfuta kwa taulo ambalo kesho mtu atalifua kwa mikono, ni kumtwisha mwenzio kazi na dhiki ambayo hataisema mbele yako kwa kuwa anailinda ajira yake.

Isieleweke kwamba mbwa wanachukiwa. Mbwa wa kulinda na wa kuwindia wanajulikana katika sheria hata vitabuni, na akipita pembeni akiwa mkavu nawe mkavu hakuna neno. Kinachotakiwa ni adabu. Mpigie simu mtunza nyumba mwenyewe kabla ya kulipa amana, umuulize kama anaridhia, na umweleze kwamba mbwa watakuja na vyombo vyao, matandiko yao na mtu wa kuwasafisha, ambaye ni wewe au watoto wako. Akinyamaza kimya kirefu kwenye simu, umeshajibiwa.

Kuhusu ufuo wenyewe, Agosti ni msimu wa kusi, jua si kali kama wakati wa kaskazi, kwa hiyo hilo ni la heri kwenu. Hata hivyo kuna ngamia wanaotembezwa ufuoni kubeba watalii, kuna makundi ya mbwa wasio na mwenyewe, na nyuma ya nyumba kuna mbega. Mbega wa Diani wanalindwa, na shirika la Colobus Conservation limekuwa likiwashughulikia tangu 1997. Mbwa aliyefunguliwa ni mmoja wa maadui zao wanapoteremka chini kuvuka kutoka mti hadi mti. Tena mchunge yule kijana asinywe maji ya bahari anapocheza na mawimbi, maana atatapika na kuhara usiku kucha juu ya zulia la watu.

Tabibu wa Mifugo alijibu:

Ninakubaliana na dada hapo juu, nami nitaongeza upande wa afya, ambao ndio unaonifanya niiweke Diani mwisho kwa mbwa waliozoea Ngong.

Kupe wako kote kutatu. Homa ya kupe inayosababishwa na babesia, kijidudu cha damu, huchukua siku 10 hadi 21 hivi kujitokeza, ndiyo sababu wenye mbwa wengi hawaihusishi na likizo: mmesharudi nyumbani, mbwa anakataa chakula, ufizi umepauka, mkojo umekuwa wa rangi ya chai ya rangi, nao wanadhani amekula kitu kibaya. Mpeni dawa ya kuzuia kupe kabla ya safari, na kila jioni mpapaseni kwa vidole, si kwa macho, kwenye maeneo ambayo kupe hupenda kujificha, yaani katikati ya vidole, ndani ya sikio, chini ya ukanda wa shingo, kwapani na chini ya mkia. Kupe akipatikana, ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi na kuvutwa taratibu bila kupindwa. Mafuta ya taa na kiberiti havina nafasi hapa.

Pwani ya kusini ina mambo mawili zaidi. La kwanza ni minyoo ya moyo, inayoenezwa na mbu, ambayo kinga yake ni kidonge cha kila mwezi. La pili ni mbung'o, hasa upande wa Shimba Hills. Ugonjwa wa nagana wanaoueneza humshika mbwa vibaya kuliko unavyomshika ng'ombe. Homa hupanda, uso huvimba, mboni za macho hugeuka ukungu, na asipotibiwa mapema hufa katika wiki chache. Mkienda Diani msifunge safari ya Shimba Hills na mbwa, ambako kwa vyovyote hawataruhusiwa kuingia kwenye hifadhi.

Kwa Nanyuki, sharti langu ni chanjo ya distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. Mwaka 2017 ugonjwa huo ulikaribia kuwamaliza mbwa mwitu wa Laikipia, na mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa wa kufugwa wanaweza kuueneza, na hiyo ni sababu moja ya hifadhi kuwakataa. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa nayo isiachwe nyumbani, kwa kuwa mbwa wenu akimkwaruza mtoto wa mlinzi, kadi hiyo itakuwa kitu cha kwanza kuulizwa hospitalini.

Mkulima wa Timau alijibu:

Huku kwetu Nanyuki ni takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, usiku wa Agosti ni wa baridi, na kwa mbwa mwenye manyoya mazito hiyo ni raha kuliko joto la pwani. Viboko hawatawasumbua. Anayesumbua ni chui, na chui anampenda mbwa kwa kitoweo. Hodi hapigi. Mbwa walale ndani, mlango ukiwa umefungwa, tangu magharibi hadi asubuhi.

Hatari nyingine ni kondoo. Majirani wa nyumba nyingi za wageni ni wafugaji, na mbwa mgeni anayeonekana akikimbiza kondoo hasubiri kesi. Wala sitawalaumu wafugaji, kwa kuwa mbwa mmoja katika mchezo wa dakika chache anaweza kuvuruga zizi zima. Kandokando ya msitu pia kuna mitego ya waya iliyotegewa paa, nayo haichagui.

Shangazi wa Kitengela alijibu:

Mbona wazo la nne limeachwa hivi hivi? Mimi huwaacha wangu mahali pa kutunzia mbwa na ninalala usingizi. Zingatia tu chanjo ya kikohozi cha mabandani, kwa sababu mbwa wengi wakikaa pamoja huambukizana upesi, na uende upatazame siku ya kawaida bila miadi: kama hawakuruhusu kuona wanakolala, ondoka. Kwa yule mzee, hata hivyo, ningesita. Mbwa wa umri huo, tena mwenye maumivu, akiwekwa kwenye sakafu ya saruji katikati ya kelele za wageni, hurudi amechakaa.

Mkaazi wa Ngong aliandika:

Ninawashukuru nyote, hasa Bint Likoni, kwa sababu jambo la mtunza nyumba halikuwa limetupitia akilini kabisa. Nilimpigia yule wa Diani. Alinijibu kwa upole mwingi kwamba mwenye nyumba ndiye mwenye neno, nami nikaelewa. Diani tumeifuta. Naivasha nayo imeondoka kwa ajili ya uzio na Hell's Gate.

Tunaelekea Nanyuki, ila sasa ninafikiria kumchukua yule mzee peke yake, ambaye haendi mbali na miguu ya watu, na kumwacha kijana kwa kaka yangu Kiserian, ambaye ana kiwanja chenye ukuta. Watoto wameipinga hoja hiyo kwa machozi. Je, inawezekana kumchukua kijana na kumfunga kwenye veranda usiku, maana mwenye nyumba anasema ndani ni marufuku kwa mbwa wote?

Tabibu wa Mifugo alijibu:

Kijana abaki Kiserian. Atakuwa na nafasi ya kukimbia kuliko akifungwa kamba wiki nzima, na watoto watamkuta salama. Kwa mzee, ombeni dawa ya maumivu ya siku za safari kutoka kwa daktari wake. Msimpe ibuprofen ya binadamu, ambayo ni sumu kwake.

Mkulima wa Timau alijibu:

Veranda ni nje, na kwa chui mbwa aliyefungwa kamba ni rahisi zaidi kuliko aliye huru. Hata mzee huyo asilazwe hapo. Kama mwenye nyumba hatakubali aingie walau jikoni au stoo, tafuteni nyumba nyingine. Ziko nyingi huku, na Agosti si Desemba. Mkipata itakayokubali, mwombeni mtunza nyumba awapigie picha za ua. Watawaletea ya lango. Ombeni ya chini ya uzio, upande wa nyuma.